Shangazi Hagongi Mlango Mmoja

Shangazi yangu akirudi nyumbani jioni hasemi kitu mpaka avue viatu. Anakaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, anainama kwa shida, anafungua kamba, halafu anaiangalia miguu yake kama wageni waliokuja bila kualikwa.

"Mnaona sasa?" anaiambia. "Na kesho tena."

Ndipo anaponigeukia mimi. "Maji yapo?"

Maji yapo. Namwekea beseni, anatumbukiza miguu, anafumba macho. Hapo ukimuuliza habari za kazi anakujibu neno moja tu: "Milango."

Ni mhudumu wa afya ya jamii. Kituo cha afya kiko kule juu, kina nesi mmoja na foleni inayotoka nje mpaka kwenye uzio, sasa wale wasiofika kwenye foleni, yeye ndiye anayewafuata majumbani. Anapima watoto mkono kwa ule utepe wenye rangi, wa kujua aliyekosa lishe. Anawauliza wajawazito kama wameenda kliniki. Anachungulia ndoo za maji kama zina vifuniko. Anawaambia watu wafukie dimbwi nyuma ya nyumba, watu wanamwambia afukie yeye, na siku nyingine anafukia kweli. Mtaani wanamwita Daktari Miguu. Wengine kwa heshima, wengine kwa utani, yeye anaitikia tu.

Zamani alikuwa mshonaji. Alikuwa na cherehani yake barazani na mume dereva wa malori. Mume akapata kifua kikuu, akaanza dawa, baada ya muda kikohozi kikaisha, akajiona mzima, akapanda lori lake akaenda zake. Dawa akaziacha juu ya kabati. Hakumaliza mwaka. Hiyo habari shangazi haisimulii, nimeisikia kwa baba. Cherehani bado ipo, tunawekea sufuria.

Mimi niliacha shule kidato cha pili nikaja kwake, eti kwa muda. Nimebeba matofali, nimeuza laini za simu, nimepaka rangi kuta za watu, sasa naosha pikipiki kando ya barabara. Kila kazi naiona kama kiatu cha mtu mwingine, naivaa wiki mbili inanibana. Yeye viatu vinaisha soli, yeye yuko kwenye kazi ileile. Hilo ndilo lililonifanya nianze kumwangalia.

Sasa kuna kizibao. Walimpa kizibao cha rangi ya chungwa, ukikivaa unaonekana toka mbali kama zile koni za barabarani. Walitaka watu wamjue. Watu wakamjua kupita kiasi. Akiingia kwa mtu, mtaa mzima unajua huyo mtu ana kitu. Mama mmoja alimfungia dirisha usoni, akamwambia kwa ndani, "Dada yangu, ukitaka kuniua ingia tena na hilo koti." Kuvua hakuruhusiwa, maana bila kizibao wengine wanamwona tapeli. Basi akabuni njia yake. Kama kuna mgonjwa mmoja kwenye nyumba, anagonga milango yote. Yote kabisa. Anakaa kila chumba dakika zilezile, anauliza maswali yaleyale, na yule mgonjwa anakuwa mlango mmoja katikati ya milango. Leo anaanzia mwanzo, kesho anaanzia mwisho, keshokutwa katikati. Hata mimi ninayelala naye nyumba moja sikuwahi kujua anayefuatwa ni nani.

Kwenye ile nyumba ndefu mbele ya sehemu yangu ya kuoshea, alienda kila siku kwa miezi. Ni nyumba ya wapangaji: korido moja, vyumba vimeelekeana, bomba uani, choo mwisho. Kwenye lango anakaa Mama Mkaa, muuza mkaa, anayejua nani kalala njaa na nani kala akashiba akasema kalala njaa. Upande wa barabara kuna kibanda cha kinyozi, na kinyozi mwenyewe anaishi chumba cha mwisho mle ndani. Mtu mpole, mwembamba, anapenda kupangusa kioo.

"Hodi!" shangazi anaita.

"Daktari Miguu, jana si ulikuja?" wanajibu toka ndani. "Choo hakijahama."

"Nimekuja kukisalimia."

Mama Mkaa hamwachi. "Hebu tuambie, hao waliokutuma wanakulipa kwa mlango au kwa mguu?"

"Ingekuwa kwa mguu ningekuwa na gari, nisingekuwa na mguu."

Wanacheka, anaingia. Na unajua, ule ujanja wa kumficha mmoja ukazaa mambo mengine. Kwa kuwa alikuwa anaingia kila chumba, akamkuta mjukuu wa Mama Mkaa utepe unasoma njano, akampeleka kwa nesi, mtoto akanenepa. Akamkuta binti wa chumba cha tatu mimba imekua na kliniki hajakanyaga, anamwogopa mama yake kuliko uchungu wa kuzaa. Watu walilalamika anawachosha, lakini asipotokea walimuulizia.

Kulitokea kesi ya choo vilevile. Asubuhi moja Mama Mkaa alitoka kule akipiga kelele kwamba kuna rangi nyekundu mle ndani, atoke aliyemwaga, asije mtu akadhani pamechinjwa. Akawapanga wapangaji uani kama watoto wa shule. Kinyozi akajikohoza akasema, "Samahani, ni mimi. Nimeosha vibakuli vya rangi ya nywele." Ikaisha hivyo. Shangazi alikuwa amesimama palepale na utepe wake mkononi, akainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Halafu ikaja ile wiki ya chanjo. Kampeni ya watoto, mtaa mzima, toka jua linachomoza, na boksi la barafu begani. Wiki nzima shangazi alikuwa akirudi haombi hata beseni, analala na kizibao. Siku ya mwisho ikanyesha mvua ya kudumu, si kubwa, ile ya kuudhi. Pikipiki haziji kuoshwa siku ya mvua, nikampelekea mwavuli pale langoni kwa Mama Mkaa. Alikuwa amelowa mpaka ndani ya viatu, miguu imefura, kamba zimekata nyama.

"Turudi nyumbani," nikamwambia.

"Bado hapa."

"Milango yote hiyo? Leo?"

Akaitazama korido. Akafuta uso kwa kiganja. "Leo mmoja tu," akasema. "Nitoke haraka."

Hilo ndilo kosa. Siku nyingine yoyote lisingeonekana sana, watu wangekuwa kazini, sokoni, bombani. Lakini siku ya mvua wapangaji wote wako ndani, na chumba kikiwa na joto unafungua mlango unakaa kizingitini unaangalia mvua uani. Korido nzima ilikuwa watu wamekaa, pande zote mbili, magoti yamekutana. Shangazi akapita katikati yao na kizibao chake cha rangi ya chungwa, hakusimama kwa mtu. Akafika chumba cha mwisho, akagonga, akaingia. Muda wa mtu kumeza maji. Akatoka, akapita tena katikati yao, akaniambia twende.

Nyuma yetu pakawa kimya. Kimya cha watu wanaopiga hesabu.

Kesho yake nilikuwa nachota maji pale, nikamsikia Mama Mkaa bombani. "Jana kwangu hakuingia. Kwako je? Na kwako? Aha." Halafu akaanza kuunganisha. Kule kukonda. Kile kikohozi cha mwaka jana. "Na ile rangi ya chooni! Mtaa huu nani ana nywele nyekundu?" Hakuwa na ubaya, alikuwa na mjukuu tu, na watu wenye wajukuu wanaogopa haraka.

Kiti cha kinyozi kikabaki kitupu. Waliokuwa wanapitia kibandani walihamia upande wa pili wa barabara, hata wasio na nywele. Mwanamke akipita na mtoto anamshika mkono anamvuta. Kinyozi anawasha redio, anapangusa kioo, anakaa kwenye benchi, anasimama, anapangusa tena. Mimi niko ng'ambo na kitambaa changu na povu langu, naona kila kitu.

Shangazi akaenda, safari hii akaanzia mlango wa kwanza, kwa taratibu zote. Alipofika wa mwisho haukufunguliwa. Akaita kwa sauti ya chini. Kinyozi akajibu kwa ndani, na korido yote ikasikia:

"Mlango wangu usiugonge tena."

"Fungua tuongee."

"Miezi yote umepita milango yote, dada. Yote! Ukashindwa siku moja?"

"Nilichoka," shangazi akasema.

"Na mimi nimechoka. Zichukue dawa zako. Nenda salama."

Siku ile alivyovua viatu hakuiambia miguu kitu. Aliniambia mimi, sasa siri ilikuwa imeshamwagika, kwamba kinyozi alikuwa amebakiza kipande kidogo tu cha matibabu ya kifua kikuu. Kwamba alishapimwa tena, vijidudu havionekani, hamwambukizi mtu. Na kwamba asipomaliza, kile kilicholala kitaamka, na kikiamka kitakuwa kimeshaijua dawa.

Kesho yake akaenda kwa nesi. Nilimsindikiza mpaka kwenye uzio, nikawasikia kupitia dirishani.

"Siku alizoacha bado si nyingi, dozi haijaharibika," nesi akasema. Alikuwa anaongea huku anamchoma mtoto sindano, mtoto analia. "Lakini mrudishe wiki hii. Akikaa zaidi tutaanza upya, kwa dawa kali kuliko hizi, na huenda ugonjwa usizisikie. Mlete."

"Nimlete vipi? Nimbebe mgongoni?"

"Wewe ungeweza."

Wakacheka wote wawili kicheko kibovu, cha watu ambao wangelala hata wamesimama. Nesi akaita, "Anayefuata!"

Njiani nilimwambia shangazi aache. Nilisema, mtu mzima yule, amekataa kwa mdomo wake, umemgongea vya kutosha. Mbona mimi nikichoka na kitu naacha?

Hakukasirika. Akaendelea kutembea, anachechemea. "Wewe ukiacha kitu unapata kingine. Huyu akiacha hapati kingine."

"Lakini ni mtu mzima."

"Mume wangu naye alikuwa mtu mzima."

Nikampokea mkoba, tukaendelea.

Alienda kesho yake, mlango haukufunguliwa. Akaenda tena. Ikafika siku ambayo, kwa maneno ya nesi, ndiyo ya mwisho mwisho. Mchana, jua kali, barabara imejaa watu. Nilikuwa nasugua tairi nikamwona anakuja na kile kizibao, polepole, kama mtu anayebeba ndoo asiimwage. Hakuingia langoni. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akapanda ile ngazi ya tofali. Nikaweka kitambaa chini nikavuka.

Kinyozi alikuwa kwenye benchi. Hakuinua macho. "Nywele zako hazinyolewi hapa."

"Sikuja kuongea," shangazi akasema. "Maneno yameniisha. Nipe nikae kidogo tu, miguu imekataa."

Benchi ni fupi, kinyozi amelijaza yeye na redio yake. Hakusogea. Kilichobaki ni kile kiti chenyewe, kile cha kunyolea, kirefu, cha kulala nyuma, mbele ya kioo. Siku hizo kilikuwa hakikaliwi na mtu. Shangazi akakipanda kama anapanda kitanda, akaegemeza kichwa.

Nilidhani ni mbinu. Nilisimama pale nikisubiri aseme neno. Akapumua. Akapumua tena, kwa kina zaidi. Halafu mdomo ukafunguka wenyewe, na shangazi yangu akaanza kukoroma.

Kinyozi akanitazama. Nikamtazama.

"Anaigiza?" akanong'ona.

"Hajui kuigiza."

Kibanda hakina mlango wa mbele, ni wazi kwa barabara, na kizibao kile hakifichiki. Mtu wa kwanza kusimama alikuwa dereva wa pikipiki, mteja wangu. Akachungulia, akapiga kelele, "Jamani, leo daktari ndiye kalazwa! Kinyozi, umemchoma sindano gani?"

Watu wakacheka. Kicheko cha kwanza pale kibandani tangu ile mvua. Wakaja wengine kuona wanachochekea wenzao. Na wote walichokiona ni kilekile: yule anayejua nani mgonjwa na nani si mgonjwa, amelala kwenye kile kiti wanachokikimbia, mdomo wazi, anavuta hewa yote ya mle ndani na kuirudisha.

Mama Mkaa akaja na mikono yake myeusi. Akapanda ngazi, akatega sikio.

"Anakoroma kabisa?"

"Msimwamshe," kinyozi akasema. Akachukua lile shuka la wateja, akalikung'uta, akamfunika shangazi taratibu mpaka kidevuni.

"Na haogopi?" Mama Mkaa akauliza, sauti ya chini.

Kinyozi akawapa mgongo, akawa anapangusa kioo. Aliongea na kioo. "Siambukizi, mama. Nilikuwa naambukiza, nikameza dawa, wakanipima upya. Siambukizi tangu kipindi kile mnanishika mkono mnaniuliza nimeamkaje. Nilikuwa nimebakiza kidogo nimalize."

 Pikipiki zikapita. Shangazi akageuza kichwa upande wa pili akaendelea.

"Kwa hiyo ile nyekundu chooni..."

"Ndiyo dawa. Mkojo unabadilika rangi."

"Nilijua!" Mama Mkaa akajipiga paja, vumbi la mkaa likaruka. "Nilijua si nywele. Mtu mzima unanidanganya mimi, nimewapanga watu uani kama mahakama!" Halafu akainama, akasema kwa sauti nyingine, "Sasa na wewe, kidogo kimebaki, kwa nini uache? Kwa ajili ya mdomo wangu?"

Kinyozi akazidi kupangusa kioo. Mama Mkaa naye hakungoja jibu. Akashuka ngazi, akarudi langoni kwake, akaanza kuwafukuza watu. "Haya, sinema imeisha, nendeni mkafanye kazi."

Sitaki kudanganya kwamba watu walijipanga kunyolewa. Hawakujipanga. Hata leo wapo wanaovuka barabara. Siku ile walitawanyika tu, tukabaki mimi, kinyozi na mkoromo.

Mkoba wa shangazi ulikuwa umening'inia kwenye mkono wa kiti. Pakiti ya dawa ilikuwa imechungulia, ya siku hiyo, alizoea kuiweka juu. Kinyozi akaiangalia muda mrefu. Halafu akaivuta. Akaenda kumimina maji kwenye kikombe, akatoa vidonge akavishika kiganjani, akakaa navyo kwenye benchi. Kiganja kimoja vidonge, kingine kikombe. Akakaa hivyo.

Nikasubiri. Jua likasogea mpaka likagusa ngazi.

"Mbona humezi?" nikamuuliza.

"Hajaniona."

"Si mimi nakuona?"

"Wewe si yeye," akasema. "Kila siku lazima anione. Ndivyo tulivyozoeana."

Shangazi alizinduka kwa honi ya lori. Akashtuka, akalishika lile shuka, akatazama kioo akajikuta ndani yake amefungwa kama anayesubiri kunyolewa.

"Nimelala?"

"Umekoroma," kinyozi akasema.

"Mungu wangu. Mbele za watu?"

"Mtaa mzima."

Akajifuta mdomo. Macho yake yakashuka mpaka kwenye kile kiganja, akakiona. Hakutabasamu, hakusema asante, wala pole. Alijiinua kidogo kwenye kiti, akasema kwa ile sauti yake ya kila siku, "Umemeza?"

"Nakusubiri."

"Haya, meza nikuone."

Kinyozi akatupa vidonge mdomoni, akafuata maji, akameza kwa shida, halafu akafunua mdomo akainua ulimi, kama mtoto. Shangazi akachungulia, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Kesho asubuhi waende wote kwa nesi, akamwambia, wasikie nesi anasemaje. Kinyozi akasema sawa.

Akashuka kwenye kiti. Miguu ikamkatalia kidogo, akashika ukuta, ikakubali. Nikajua sasa tunarudi nyumbani. Lakini akashika njia ya langoni, akampita Mama Mkaa, akaingia koridoni, akasimama kwenye mlango wa kwanza.

"Hodi!"

Nikamfuata mbio. "Shangazi, si wote wanajua sasa? Kinyozi mwenyewe kasema. Unagonga milango yote ya nini?"

Akanitazama kwa yale macho ya mtu ambaye hajalala vya kutosha tangu amezaliwa.

"Wewe nani alikwambia mgonjwa ni mmoja?" akanong'ona.

Mlango ukafunguliwa. "Karibu, Daktari," sauti ikasema kwa ndani, "leo umelala wapi?" Akaingia. Nikahesabu milango iliyobaki kwa macho, nikaacha, nikaenda kuchota maji ya beseni.